Kutembelea makumbusho madogo ya madini, vito na vimondo: mwongozo kwa mtu wa Mwanza

Mtu wa Mwanza ukimwambia kuna makumbusho ya mawe, jambo la kwanza ni kucheka. Mawe? Anayo uani. Moja limeegemea ukuta wa jiko, jingine ndilo la kuanikia nguo, na lile kubwa la nyuma mwenye nyumba alilifanya ukuta wa nne, akaokoa matofali. Sasa alipe kiingilio akaone nini?

Na mimi nilicheka hivyo hivyo. Kisha siku moja nikaingia chumba cha mawe cha chuo kimoja, chumba kisichozidi darasa la chekechea, nikatoka baada ya dakika kumi na mbili. Nilikuwa nimeona vitu vinavyong'aa na nimepiga picha kama ishirini. Jioni mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, uliona nini?" Jibu likawa "mawe", halafu nikanyamaza, maana sikuwa na la kuongeza. Nilirudi mara ya pili, na ya tatu. Haya ninayoandika yametokana na aibu ya ile mara ya kwanza.

Nakushauri uanze na makumbusho madogo hata kama una nauli ya kwenda kwenye makubwa. Dogo unalimaliza. Na mwenye funguo mara nyingi ana muda, kwa sababu siku nzima huenda ukawa mgeni wake wa pili.

Uende wapi

Ukitokea Mwanza, pa uhakika ni Dodoma, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, wenyewe wanaiita GST. Wana makumbusho yao ya miamba, madini na vito. Basi unapandia Nyegezi, unapita Shinyanga, Nzega, Igunga na Singida, takriban kilomita 700, kwa hiyo hesabu siku nzima ya barabarani na kulala. Pale ni ofisi ya serikali, basi uende siku ya kazi, asubuhi, na upige simu kabla. Njiani, kabla hujafika Shinyanga mjini, utapita Maganzo. Usisinzie hapo. Njia ya kwenda Mwadui inachepuka pale, na Mwadui tutaizungumza mbele ya kabati la almasi.

Pa pili ni Geita, kwenye maonesho ya kitaifa ya teknolojia ya madini yanayofanyika kila mwaka, kwa kawaida mwezi Septemba na Oktoba. Hayo si makumbusho, ni meza na mahema, lakini utakuta sampuli za mawe na watu wanaozielewa wamesimama nyuma yake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Geita haina tena kupanga foleni ya kivuko, unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Pa tatu ni vyuo vyenye idara za jiolojia au uchimbaji. Karibu kila kimoja kina kabati la kufundishia, na wengi wanakuruhusu ukiandika barua fupi ya heshima. Barua, siyo kutokea tu mlangoni.

Na kuna makumbusho ya kitu kimoja: Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kijiji cha Ndolezi. Kutoka ziwani ni mbali sana. Ila ukiwa na safari ya Mbeya au Tunduma, kukipita bila kusimama ni dhambi ndogo.

Wiki moja kabla: soma mawe ya nyumbani

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Ukiingia chumba cha mawe bila kulijua hata jiwe moja, makabati yote yanafanana. Ukilijua moja vizuri, mengine unayalinganisha nalo.

Tafuta jiwe la Mwanza lililovunjika karibuni. Uso wa nje wa majabali yetu umechoka kwa jua, mvua na kuvu, hauonyeshi kitu. Nenda wanakoponda kokoto, huko kwenye miteremko ya vilima, salimia, omba: "Shikamoo mama, naomba kajiwe kamoja ka kusomea." Atakucheka, halafu atakuchagulia zuri.

Lipeleke kwenye mwanga wa asubuhi, uligeuze polepole. Hiyo ni graniti, ambayo vitabu vya shule huiita itale, na ndani yake kuna vitu vitatu vinavyoonekana kwa macho. Kuna chembe za kijivu zinazofanana na kioo kilichopasuka, zisizo na umbo maalumu: hiyo ni kwatzi. Kuna vipande vyeupe au vya waridi ambavyo ukiligeuza jiwe vinamweka ghafla kama kioo kidogo, halafu vinazimika: hiyo ni felispa, ambayo huvunjika kwa nyuso bapa. Na kuna madoa meusi yanayong'aa. Ukiyachokonoa kwa ncha ya sindano yanabanduka magamba membamba. Huo ni ulanga mweusi.

Sasa chukua msumari. Kwaruza ulanga: unakwaruzika. Kwaruza kwatzi kwa nguvu: msumari ndio unaoisha, unaacha mstari wa kijivu kama wa penseli juu ya jiwe. Hapo umeanza kuutumia mfumo aliouweka Friedrich Mohs mwaka 1812, wa kupanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10. Talki ni 1, jasi ni 2, kucha yako iko kama 2.5, kioo cha dirisha karibu 5.5, felispa 6, kwatzi 7, topazi 8, yakuti 9, almasi 10. Namba hizi ni za foleni tu: nani anamkwaruza nani. Almasi haiizidi yakuti kwa hatua moja ndogo. Kwa ugumu inaizidi mara kadhaa.

Hilo jiwe lako lina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Liliganda chini kabisa ya ardhi, likapasuka mipasuko ya kusimama na kulala, maji yakapenya humo yakala kona polepole mpaka vipande vikawa mviringo. Udongo uliovizunguka ulipochukuliwa na mvua, vikabaki vimepandana. Ndiyo maana Mwamba wa Bismarck, pale karibu na gati la Kamanga, unaonekana kama kuna mtu aliyeutua juu ya mwenzake. Hakuna aliyeutua. Ulikuwa pale pale tangu mwanzo, kilichoondoka ni kilichouzunguka.

Ukimaliza zoezi hili, kiweke kijiwe chako kwenye mfuko wa safari. Utakihitaji.

Mfukoni

Lenzi ndogo ya kukuza mara kumi, ile wanayotumia wanunuzi wa madini. Tochi ya simu inatosha. Taa ya kukagua noti bandia, ile ya mwanga wa zambarau inayouzwa madukani, kama unaweza kuiazima. Daftari na penseli. Beba penseli, kwa sababu sehemu nyingi zenye vitu vya kale hawapendi wino karibu na makabati.

Sumaku iache nyumbani. Najua kila mtu anayesikia neno kimondo anakimbilia sumaku, lakini sumaku yenye nguvu inafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo kimondo kimekuja nayo tangu angani, na wataalamu huisoma. Mgeni mmoja mwenye sumaku ya spika anaweza kuharibu kitu kilichodumu miaka bilioni nne na nusu.

Mlangoni

Salimia vizuri, andika kwenye kitabu cha wageni, lipa kama kuna kiingilio. Kisha uliza maswali matatu kabla hujaangalia chochote: naruhusiwa kupiga picha? Kuna mawe ya kushikwa? Na wewe mwenyewe, mzee, jiwe lako ni lipi?

La tatu ndilo ufunguo. Mtu anayekaa na mawe miaka kumi ana jiwe lake, na mara nyingi silo lile lililowekewa taa. Mzee aliyenifungulia ile mara ya pili hakunipeleka kwenye vito. Alinipeleka kabati la pembeni, rafu ya chini, ambako ilinibidi nichuchumae.

Kadi kwanza, jiwe baadaye

Kila jiwe katika makumbusho ya maana lina kadi: jina, mahali lilipotoka, mwaka, wakati mwingine aliyelileta. Wageni wengi husoma jina, wakaendelea. Wewe anza na mahali. Kipande cha kwatzi kinaweza kutoka popote duniani. Kikiwa na kadi inayosema kimetoka mgodi fulani, kina cha mita kadhaa, kando ya mshipa wa dhahabu, kinakuwa ushahidi. Bila kadi ni kokoto safi.

Lile kabati la chini lilikuwa na kipande cha paraiti, madini ya chuma na salfa ambayo wengi huyaona wakadhani ni dhahabu. Kilikuwa kimepasuka. Chini yake palikuwa na unga wa rangi ya maziwa ya mgando, na kadi iliyolala chini ya jiwe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi na kuliwa ukingo mzima wa kulia, kama karatasi iliyoponea moto. Zilibaki herufi tatu za jina la mahali: "Gei". Mzee akanieleza. Unyevu wa hewa unapoishambulia paraiti, salfa iliyomo hugeuka asidi, na asidi hiyo hula kadi, hula boksi, hula hata mbao ya kabati.

Nikasema, "Si ni Geita tu hiyo, mzee?"

"Huenda," akasema. "Lakini hapa hatuandiki huenda."

Kwa hiyo ukiwa mbele ya kabati lolote, tafuta hiyo dalili: unga chini ya jiwe, kadi iliyobadilika rangi. Ukiiona, mwambie mhifadhi taratibu. Hatachukia. Unyevu wa kwetu ziwani hausamehi, na kama una paraiti nyumbani usiiweke karibu na dirisha la ziwani. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kabati la madini

Mtu wa Kanda ya Ziwa atataka dhahabu, na sawa. Jiandae kuvunjika moyo. Mwamba wa migodi mikubwa mara nyingi hubeba gramu chache tu za dhahabu kwa tani nzima, kwa hiyo jiwe halisi la Geita linaweza kuwa la kijivu, zito, na lisilo na hata nukta moja ya njano. Waulize wachimbaji wadogo: wao hawaliamini jicho, wanaponda, wanaosha, ndipo wanasema kitu.

Kama kuna dhahabu inayoonekana, iko ndani ya kwatzi nyeupe, kama uzi au kama chembe ya mchele iliyominywa. Sogeza kichwa kushoto na kulia. Paraiti itawaka upande mmoja na kuwa nyeusi upande mwingine, kwa sababu ina nyuso bapa, mara nyingi ni vijisanduku kamili vyenye nyuso sita. Dhahabu hubaki njano ile ile kila upande, hata ukiweka kivuli cha mkono juu ya kioo. Tofauti nyingine huwezi kuijaribu ukiwa nje ya kabati, lakini ihesabu kichwani: kipande cha dhahabu chenye ujazo wa boksi la kiberiti kingekuwa na uzito wa nusu kilo hivi, cha paraiti, kama gramu 130.

Kisha tafuta jiwe lenye mistari, mweusi na mwekundu, limepangwa kama chapati zilizobandikana. Huo ni mwamba wa chuma wenye tabaka, na vilima vya Geita vinao kwa wingi. Uliundwa chini ya maji, tabaka baada ya tabaka, zamani sana, na dhahabu iliingia humo baadaye kupitia mipasuko. Mistari myeusi ina magnetiti, myekundu ina hematiti, yote mawili ni madini ya chuma. Kama kuna meza ya kushika na kugusa, omba kipande uburute nyuma ya marumaru ya sakafuni, ule upande usiong'aa. Hematiti, hata ile inayoonekana nyeusi kama chuma, itaacha mstari wa rangi ya damu iliyokauka. Magnetiti itaacha mweusi. Rangi ya jiwe inadanganya sana. Rangi ya unga wake haidanganyi hivyo.

Hapa toa kijiwe chako cha nyumbani. Kiweke mkono wa kushoto, jiwe la chuma mkono wa kulia. Uzito utakuambia kwa nini watu wa zamani walilibeba mbali.

Mengine kwenye kabati hili (chumvi, jasi, shaba ya kijani, ulanga wenye kurasa kama kitabu) yapitie kwa raha zako. Huna haja ya kukariri majina. Chagua mawili.

Kabati la vito

Huku ndiko wote hukimbilia, na ndiko taa hudanganya.

Anza na tanzanaiti. Ilianza kupatikana Mererani, Simanjiro, mwaka 1967, na hakuna mahali pengine duniani inapochimbwa kibiashara. Kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyoipa jina hilo, 1968. Kitaalamu ni madini yanayoitwa zoisaiti, yaliyotiwa rangi na vanadiamu, aina ya metali. Nyingi hutoka ardhini zikiwa na kahawia. Hupashwa moto kwenye nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, kahawia ikaondoka, bluu ikabaki. Usimwonee mtu haya kuuliza kama iliyo mbele yako imepashwa. Karibu zote zimepashwa.

Kama kuna kipande kibichi kisichopashwa, hapo usiondoke haraka. Simama upande wa kushoto wa kabati, funga jicho moja, tembea polepole kwenda kulia ukilitazama jiwe hilo hilo. Litabadilika: bluu, zambarau, halafu wekundu wa kahawia kama juisi ya ukwaju. Jiwe halijasogea. Mwanga unapita ndani yake kwa njia tofauti kila upande, na kila njia ina rangi yake. Picha haiwezi kuonyesha jambo hili, na ndiyo sababu moja ya kulipa nauli.

Angalizo kwa wenye pete: ugumu wa tanzanaiti ni kama 6.5. Vumbi la Mwanza limejaa kwatzi, ambayo ni 7. Ukiifuta pete kavu kwa pindo la kanga, unaisugua kwa msasa. Iloweshe kwanza.

Kumbuka pia ukubwa. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mererani, aliuza serikalini mawe mawili ya tanzanaiti, moja kilo 9.27 na jingine kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Linganisha na hicho kipunje kilicho mbele yako chenye uzito wa karati mbili, yaani gramu 0.4.

Baada ya hapo tafuta jiwe la Longido: kijani, lenye madoa mekundu makubwa kama vipande vya nyanya kwenye mchicha. Kijani ni zoisaiti, nyekundu ni yakuti. Omba ruhusa, omba wazime taa kidogo, washa ile taa ya noti. Yakuti mara nyingi itawaka nyekundu kama kaa la moto, kijani kikibaki gizani. Watoto hupiga kelele hapo, na watu wazima pia.

Almasi sasa. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliupata mwamba wa Mwadui, wa aina ya kimbalaiti, uliosimama ardhini kama bomba, na mdomo wa bomba hilo una eneo la hekta 146. Kimbalaiti ni mwamba uliopanda kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150 ukibeba almasi kama basi linavyobeba abiria, haukuzitengeneza. Kwenye kabati utaona jiwe la kijani-kijivu lenye vipande vipande, baya kwa sura, na wageni hulipita. Usilipite. Mwadui ndiko ilikotoka almasi ya waridi ya karati 54.5, kama gramu 11, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa mwaka 1947. Ilipokatwa ilibaki karati 23.6. Hiyo iko Uingereza. Kama makumbusho madogo yanakuonyesha almasi kubwa ya waridi, ni nakala, na hakuna ubaya, ilimradi kadi inasema hivyo. Uliza bila kuona haya: "Hii ni yenyewe au nakala?"

Jambo moja zaidi, wachimbaji wanalijua: almasi haipendi maji, inapenda mafuta. Ndiyo maana mgodini mchanga uliooshwa ulipitishwa juu ya meza zilizopakwa grisi. Mawe mengine yakateleza na maji, almasi zikanasa.

Kabati la vimondo

Kabla hujaliangalia, futa picha uliyo nayo kichwani. Kimondo si jiwe la kuwaka usiku, wala hakifiki ardhini kikiwa kaa la moto. Kipande cha nje huyeyuka kikipita hewani na kuacha ganda jeusi jembamba, kama ukoko wa ugali ulioungua, na ndani hubaki kama kilivyokuwa. Tafuta hilo ganda. Tafuta pia vishimo vya kina kifupi kana kwamba mtu aliminya udongo kwa dole gumba.

Aina unayoweza kuitambua haraka ni ya chuma. Ikiwa imekatwa, ikasuguliwa na kumwagiwa asidi, utaona mistari iliyonyooka inayokatana kama mkeka uliosukwa. Ni chuma na nikeli vilivyopoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka, na hakuna karakana inayoweza kuisuka upya. Kimondo cha Mbozi ni cha jamaa hii: chuma takriban asilimia 90, nikeli kama 9, urefu wa mita tatu, uzito unaokadiriwa tani 16.

Ila kama mwongozaji wako ana kipande cheusi, kidogo, kinachofanana na mkaa uliolowa, chenye kadi "Ivuna", mwombe kiti. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, na kilichookotwa chote kilikuwa kama gramu 705. Limekuwa mfano wa kundi zima la vimondo adimu mno, vinavyoitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Ukitoa hewa nyepesi kama haidrojeni na heliamu, mchanganyiko wake unalingana na wa Jua. Japani ilipotuma chombo chake Hayabusa2 kwenye jiwe la angani la Ryugu na kuleta punje zake duniani Desemba 2020, zilifanana na la Ivuna kuliko na karibu kitu kingine chochote. Kipande kikubwa kiko London. Kwa hiyo usikitegemee kwenye kabati la jirani. Ila jina lake ulijue, ulitaje, uone kama mwenye funguo atatabasamu.

Na kama una mtoto pembeni, msimulie la Mbale, Uganda, ng'ambo yetu huko: tarehe 14 Agosti 1992 vimondo vilinyesha juu ya mji, na kimoja cha gramu 3.6 kikagonga migomba kwanza, kisha kikampiga kijana kichwani. Hakuumia.

Sasa onyo, hasa kwa watu wa ziwani. Kila mwaka mtu analeta "kimondo" alichokiokota shambani Geita, Sengerema au Bukoba. Jeusi, zito kiasi, lina dalili ya kuyeyuka. Mara nyingi ni mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Kanda hii ilifua chuma tangu kale sana. Katuruka kule Kagera pana mabaki ya tanuru za zaidi ya miaka 2,000. Mavi ya chuma yana matundu ya mapovu kama mkate. Kimondo karibu kamwe hakina mapovu. Ukiona pia chembe za kwatzi, zile za kijivu za kioo ulizojifunza nyumbani, si kimondo. Usisikitike. Jiwe la mhunzi wa miaka elfu mbili lina haki ya kabati lake, na ukilipata liache lilipo, andika mahali, wajulishe watu wa mambo ya kale.

Getini wakati wa kutoka

Atakuja kijana na bahasha. "Bosi, nina kito safi, bei ya njaa." Mpite kwa salamu. Biashara ya madini ina leseni zake chini ya Sheria ya Madini ya 2010, na tangu 2019, soko la kwanza likiwa Geita, yako masoko rasmi ya madini yenye wathaminishaji. Nje ya hapo unanunua kioo cha chupa au unanunua kesi.

Usiokote pia chochote kwenye eneo la makumbusho, hata kokoto ya njia.

Nyumbani: andika kadi yako

Mlango mmoja umebaki, usiache siku ipite. Chukua kile kijiwe cha kokoto, kipande cha karatasi ngumu, penseli. Andika jina la jiwe kama unalijua, mahali kwa usahihi ambao mgeni anaweza kupafikia, tarehe, na jina la aliyelitoa kama ameridhia. Usichokuwa na hakika nacho kiache wazi.

Mpwa wangu aliandika yake bila kusaidiwa, nikaikuta juu ya televisheni, imekunjwa kusimama kama hema:

*Graniti. Mabatini, kilima cha nyuma ya shule, pale mama wa kokoto anapokaa asubuhi kwa sababu mchana jua linamhamisha. Ina vitu vitatu ila cheusi ni kidogo. Mjomba anasema miaka bilioni 2.5. Sijaihesabu.*